Konokono Saba na Maji Matamu

"Wametoka! Wametoka wote!"

Nilipiga ukelele huo nikiwa nimeshika koni ya hina, na mteja wangu Iftin, aliyekuwa anaolewa Alhamisi, akashtuka na kuvuta mkono. Ua nililokuwa nikimchora kiganjani likageuka kitu kisicho na jina. Siku nyingine ningemgombeza. Siku hiyo nilimwinua kwenye mto aliokalia, mkono wake ukiwa juu kama anaapa mahakamani, nikamsogeza mpaka mbele ya tangi la samaki ili aone mwenyewe.

Konokono saba. Asubuhi walikuwa vijiwe tu, wamejifungia ndani ya magamba yao ya milia myeusi na ya dhahabu, na nilishaanza kumtukana kimoyomoyo aliyeniletea. Sasa walikuwa wametoa vipembe, wamejibandika kwenye kioo, na kila mmoja alipopita kwenye utelezi wa kijani wa mwani aliacha njia safi nyuma yake, nyembamba, iliyopindapinda. Mimi huchora kwa kuongeza. Wao walikuwa wakichora kwa kufuta.

"Wallahi wanakushinda kazi," alisema Iftin. "Tena hawaongei."

Tangi lile si pambo. Mimi ni Ramlo, mchoraji hina wa mtaa wa Waberi, Garissa, na sebule yangu ndiyo ofisi yangu. Mtu aliyepakwa hina mikono na miguu hawezi kushika simu, hawezi kujikuna, hawezi hata kula sambusa asipolishwa. Anakaa saa tatu nzima akisubiri ikauke. Nikanunua tangi na samaki wadogo wa rangi ili awe na kitu cha kutazama, asinichoshe kwa maswali. Wazo lilikuwa zuri, ila nilisahau jua la Garissa. Dirisha langu linatazama mashariki, na mwani ukaota kwenye kioo bila haya. Nikisugua Jumatatu, Alhamisi kijani. Mwishowe bibi mmoja aliyekuja kupakwa hina ya Idi aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama ndani ya ile mboga kuna samaki.

Ndipo kaka yangu Dekow, anayeishi Eastleigh na anayejua kila kitu hata asichokijua, akaniambia kuna konokono wanaokula mwani na hawazaani ovyo. Aliwatuma kwa basi ndani ya mkebe wa aiskrimu, wamefungwa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa. Niliupokea ule mkebe stendi kama mtu anayepokea mtoto mchanga, na kondakta akaniuliza nini kinachonichekesha peke yangu.

Juma hilohilo baba yangu naye alifika kwa basi, kutoka Hadado, huko Wajir. Yeye hakuja kwa kucheka. Aliteremshwa ameshikwa mikono miwili, presha imepanda, akalazwa siku nne. Daktari alisema arudi kliniki baada ya mwezi, halafu kila mwezi baada ya hapo. Ile ya mwezi mmoja mzee wangu Warsame aliikubali. Hiyo ya kila mwezi hakuisikia kabisa, masikio yake huchagua. Siku aliyotoka hospitali, kabla hata hajaoga, alimwagiza jirani amkatie tiketi ya kurudi Jumamosi ya baada ya kliniki.

Nami nilitaka akae. Niliseme hili waziwazi sasa, kwa sababu mbele nitafanya jambo la aibu na nataka mjue lilitoka wapi. Mume wangu Liban ni mtu wa forodha Mandera, namwona mwisho wa mwezi. Wanangu wawili wako bweni Thika. Na huko Hadado, baba alikuwa anarudia nini? Ngamia wake thelathini na mmoja waliisha katika ule ukame mkubwa, mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo anakaa uani kwa binamu yake na mbuzi tisa. Kila siku nilimpa sababu za kubaki. Hospitali iko karibu. Dawa hazikatiki. Barabara ni mbovu kwa mtu wa miaka sabini na mbili. Dekow alimpigia akamwambia hayohayo, Liban naye akapiga akarudia. Baba alitujibu sote "Haa", ambayo kwa Kisomali ni ndiyo, lakini kwa jinsi anavyoitamka yeye ni funga mlango ukitoka.

Alipowaona konokono, alivuta kiti nyuma.

"Ramlo, hao ni wa nini?"

"Wanasafisha tangi, Aabo."

"Hao ndio wanaowapa mbuzi ugonjwa wa ini. Mbuzi akinywa maji yenye konokono, anavimba hapa chini ya taya, anakufa. Na wewe mtu mzima umewanunua?"

Nilimweleza kwamba wale ni wa mtoni na kwenye madimbwi, hawa ni wa aina nyingine, wanatoka karibu na bahari, na sina mbuzi sebuleni. Hakuridhika. Alienda kunawa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

Lakini mchungaji ni mchungaji. Asubuhi ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta amesimama mbele ya tangi na tasbihi yake, midomo inacheza. Nikadhani anamtaja Mungu. Kumbe anahesabu.

"Sita," alisema bila kugeuka. "Mmoja amepotea."

Nililala kifudifudi nikatazama chini ya makochi. Nikainua mazulia, nikakung'uta mito ya wateja. Baba alikuwa akitembea polepole kando ya ukuta na tochi ya simu, akitazama chini kisha juu, na nilipokuwa nimekata tamaa akasema, "Huyu hapa, mwizi." Konokono alikuwa nyuma ya pazia, mita nzima juu ya sakafu, amejifunga. Tangi lilikuwa wazi kwa juu ili feni ipoze maji, kwa hiyo alikuwa amepanda kioo, akavuka ukingo, akaondoka zake kama mtu aliyeitwa mahali. Baba alimbandua kwa vidole viwili, yeye aliyekuwa hataki kuwagusa, akamrudisha majini na kusimama pale mpaka alipotoa pembe. Uso wake ulikuwa umechangamka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu mvua za mwisho kabla ya ukame, na nilifurahi mpaka nikaunguza anjera mbili, zile chapati zetu za maji.

Tangu siku hiyo alihesabu mara mbili, alfajiri na kabla ya magharibi, saa ambazo ngamia hutoka na kurudi zizini. Na kioo! Mjue kwamba kwa wiki ya pili kioo changu kiling'aa hivi kwamba wateja walianza kuja na dada zao ili tu waone. Tulikaa sakafuni, mimi na koni, wao na mikono imenyooshwa, tukishangilia konokono anayevuka mbele ya kichujio kana kwamba ni mchezaji anakaribia goli. "Huyo! Huyo! Ala, amegeuka!" Niliwafanyia wale wageni wangu kila heshima ninayoijua. Kwetu mgeni wa maana humpi maji ya kisima cha chumvi. Unampa maji matamu, hata kama yametoka mbali kwa punda. Kwa hiyo siku walipofika nilimwaga maji yote ya zamani ya bomba, nikajaza tangi maji ya kuchujwa, yale safi kabisa yanayouzwa kwa mitungi, na kila siku feni ilipoyapunguza niliongeza hayohayo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa ya bomba.

Wiki ya tatu nikaanza kuona jambo. Milia yao ilikuwa inafifia. Mtu mwingine asingeligundua, lakini kazi yangu ni mistari, na mstari ukikatika nauona nikiwa mlangoni. Kwenye ncha ya gamba la mmoja palikuwa na doa jeupe, kama chokaa iliyobanduka ukutani. Kesho yake wawili, keshokutwa wanne. Wakawa wanapanda juu ya mstari wa maji na kukaa pale siku nzima. Mwani ukaanza kurudi pembeni. Nilimpigia Dekow, akaniambia labda ni wazee. Nikamwambia mzee ni yeye, nikakata simu.

Kisha alasiri moja nikamwona konokono mmoja amempanda mwenzake, na moyo ukaniruka.

"Aabo! Njoo! Wanazaana! Maashallah, njoo uone!"

Baba aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria majina ya watoto.

"Huyu hapandi," alisema. "Huyu anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Nyumba ya mwenzake. Tazama mdomo."

Nilitazama. Ulimi wa yule mdudu ulikuwa unakwangua gamba la mwenzake, polepole, palepale penye doa jeupe.

"Ngamia hufanya hivi," alisema baba, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliye kazini. "Akikaa muda mrefu kwenye malisho ya maji matamu, utamwona ameokota mfupa mkavu njiani, anautafuna siku nzima, mate yanamtoka. Watoto hucheka. Mwenye akili anajua mnyama anadai kisima chake. Unamfungia safari, hata siku nne, unampeleka kwenye maji ya chumvi. Anakunywa, anapona, anaongeza maziwa. Wewe unawapa hawa maji gani?"

"Ya kuchujwa. Masafi kabisa."

"Lete."

Nilimmiminia kikombe. Alionja, akayazungusha mdomoni, akayatema kwenye beseni la kunawia.

"Haya hayana kitu ndani," alisema. "Umewaweka kwenye maji ya wageni mwezi mzima. Mgeni hunywa hayo siku mbili akaenda zake. Mifugo haiishi kwa hayo."

Nilikimbilia jikoni kuleta chumvi, na nikazomewa. Chumvi ya duka, alisema, ni ya mchuzi. Yeye alitaka maji yaliyotoka ardhini na mawe yake. "Funga ofisi yako," akaniambia. "Twende kisimani."

Ndugu zangu, ile siku! Mzee wa presha, aliyekuwa hataki kutembea hadi dukani, alipanda tuktuk mbele yangu na kunyoosha fimbo yake kama kamanda. Tulianza na kisima cha jirani mwenye nyumba za kupangisha. Baba alionja, akatikisa kichwa. Matamu mno, yako karibu na mto. Tukaenda kwa muuza maji nyuma ya soko la mifugo. Chungu, alisema, haya yataua hata punda. Kisima cha tatu alitema kwa nguvu mpaka mwenye kisima akakasirika, ikabidi niombe radhi. Mimi nilikuwa nyuma na chupa saba tupu na kicheko ambacho sikuweza kukizuia. Dereva wa tuktuk, kijana wa mjini, alikuwa ameshaacha kuuliza kinachoendelea na sasa anaonja pia, anatoa maoni. Kila tulikofika baba aliomba kwanza kuona birika la chai la pale nyumbani. Watu walimletea, wakidhani mzee ana kiu, naye alifunua kifuniko na kuchungulia ndani.

Kisima cha sita kilikuwa nje kabisa ya mji, kwenye boma la mtu anayeitwa Alio, mfuga ngamia. Birika lake lilikuwa na ukoko mweupe ndani, mgumu, unene wa ukucha, ule unaoachwa na maji yenye mawe. Baba aliukwangua, akaulamba. Kisha akanywa maji yenyewe, akafumba macho.

"Haya," alisema. "Haya ni ya Hadado."

Yeye na Alio waliulizana ukoo, wakakuta kwamba nyanya zao waliwahi kunywesha mifugo kwenye kisima kimoja, na tukakaa pale mpaka ikawa lazima nimkumbushe kwamba wagonjwa wetu wako nyumbani. Tulirudi na mitungi mitatu ya lita ishirini, aliyotuazima Alio.

Sikuruhusiwa kuyamimina. Ngamia mwenye kiu ya chumvi, baba alisema, ukimwachia anywe yote kwa mara moja anaharisha mpaka anaanguka. Kwa hiyo ilikuwa kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, halafu viwili, halafu vitatu, na kabla ya kila kikombe alichovya kidole tangini, akaonja, akafikiri. Daktari wa kliniki alipompima wiki ile, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Akamuuliza anafanya mazoezi gani. Baba akamwambia ana mifugo.

Jumamosi ya tiketi ikafika. Nilikuwa nimefua kikoi chake cha safari huku nimenuna. Yeye alimaliza kuhesabu, akakaa, akasema, "Mwambie yule wa basi asogeze wiki mbili. Siachi mnyama mgonjwa nikaenda."

Niliingia chumbani nikacheza. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nimefunga mlango, nacheza bila muziki.

Zile wiki mbili zilikuwa sikukuu. Siku ya nne konokono waliacha kukaa juu ya maji. Siku ya saba waliacha kutafunana. Doa jeupe halikuondoka, na baba alisema halitaondoka, kovu ni kovu. Lakini siku ya kumi, nikiwa nampaka hina mwanamke mmoja wa mtaa wa Bulla, niliona kwenye mdomo wa gamba la yule mwizi wa pazia kijistari kipya. Chembamba kuliko uzi, cheusi cha kung'aa, na kando yake cha dhahabu. Gamba lilikuwa linaota! Milia ilikuwa inaendelea palepale ilipokatikia, bila kukosea hata kidogo, na mimi ambaye nimechora tangu nina miaka tisa nilisimama nikamwacha mteja na mguu hewani. "Aabo, anachora tena! Wote! Huyu na huyu na huyu!" Tulishikana mikono mbele ya kioo. Mteja alipiga vigelegele bila kujua sababu.

"Alhamdulillahi," alisema baba. "Sasa wamepona." Halafu akasema, "Basi ni Jumamosi hii, inshallah."

Jioni ile nilipakua chakula changu nikakirudisha sufuriani. Nilikuwa nimeisahau ile tiketi kabisa. Nilikuwa nimewaombea konokono wapone kwa moyo wote, na kila kikombe cha maji kilikuwa kinamsogeza baba yangu kwenye basi.

Nilirudia sababu zangu zote, hospitali, dawa, barabara. "Haa," alisema.

Basi nilifanya hivi. Siku ya Alhamisi, baada ya adhana ya adhuhuri, alipochukua fimbo akaenda msikitini, nilifunga mlango. Nikachota ndoo nzima ya maji tangini nikamwaga uani, nikarudisha kwa maji ya kuchujwa, mtungi mzima. Sikutaka wafe, wallahi. Nilitaka waugue kidogo tu. Wiki moja, mbili. Ningewaponya tena, na tena. Niliwaona wakijikunja ndani ya magamba yao mmoja mmoja, na yule mwenye mstari mpya akaachia kioo akaanguka chini kwenye changarawe. Nikafunika tangi kwa kanga.

Baba alirudi, akavua viatu, akaona kanga. Aliiondoa, akatazama, akachovya kidole, akaonja.

Alikifuta kidole kwenye kanga.

"Nani amewapa maji matamu?"

Ningeweza kumsingizia mtu. Nyumba ilikuwa na mimi na yeye tu.

"Mimi, Aabo."

"Umesahau?"

"Sikusahau."

Alinigeukia. Nimepigwa na baba yangu mara mbili maishani na zote hazikuniuma kama jinsi alivyonitazama. "Mnyama huyu alikuwa anapona mikononi mwako," alisema. "Umemfanya augue kwa makusudi?"

"Wakipona unaondoka!" Nilipasuka, na sikuweza tena kujizuia, nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja, hasira zangu ndivyo zilivyo. "Wakiwa wagonjwa unakaa. Kwa ajili yao unakaa! Nimekuambia mara mia na hukunisikia!"

"Umeniambia nini?"

"Ukae!"

"Hapana," alisema, taratibu. "Uliniambia hospitali iko karibu. Uliniambia barabara ni mbovu. Daktari aliniambia presha, Dekow aliniambia presha, Liban kanipigia kutoka Mandera ananiambia presha. Kila mtu ananihesabia ugonjwa wangu. Mzee mgonjwa ni mzigo, na mzigo unajua njia ya kwao. Sijasikia mtu aliyesema ananitaka."

Miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kumwambia baba yangu neno kama hilo, wala yeye kuniambia mimi. Hatusemi hivyo. Tunapeana chai, tunapeana mbuzi. Nilitamani Iftin awe pale na mkono uliopakwa hina, nipate pa kutazama.

"Aabo," nilisema. "Nakutaka mimi. Presha au hakuna presha. Nakula peke yangu kila usiku, nimechoka. Kaa."

Alikunja mikono ya shati lake mpaka kwenye viwiko.

"Lete mtungi wa Alio," alisema. "Na kikombe kile kidogo."

Tulifanya kazi mpaka alasiri, yeye anaonja, mimi namimina. Nilihesabu tangini mara sita. Kabla ya magharibi watano walikuwa wametoka. Wa sita alitoka wakati wa chakula. Wa saba, yule mwenye mstari mpya, alibaki kwenye changarawe amefunga mlango wake, na sikulala vizuri. Alfajiri nilitoka chumbani bila hata kujifunga vizuri mtandio, nikamkuta baba mbele ya tangi, na kabla sijauliza akanyoosha kidole juu, kwenye pembe ya kioo, ambako yule mwizi alikuwa amepanda na tayari anafuta mwani. Nilipiga kelele iliyoamsha jirani. Nilimrukia baba shingoni, jambo lingine ambalo hatufanyi, naye akasimama wima kama mlingoti akavumilia.

Lakini la Jumamosi hakulisema, nami sikuthubutu kuliuliza. Kikoi chake cha safari kilikuwa bado kimekunjwa juu ya mkoba.

Saa tatu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa karani wa ofisi ya mabasi, mtu wa Kitui, mwenye haraka.

"Mama, ni kuthibitisha kiti cha Mzee Warsame kesho, Wajir. Anasafiri ama tumpe mtu mwingine? Watu ni wengi."

Nilimpa baba simu.

Kiswahili cha baba ni cha mnadani, alikiokota akiuza ngamia, kila P kwake ni B, na hukitumia kwa nguvu zote kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Aliishika simu mbele ya mdomo wake.

"Haloo! Ndiyo, Warsame. Habana, sikuji. Sikuji kesho, sikuji wiki ingine. Bea mtu ingine hiyo kiti." Alisikiliza kidogo. "Mgonjwa? Nani alisema mgonjwa? Mimi iko sawa kabisa." Kisha akainua sauti zaidi, mpaka nadhani waliokuwa kwenye foleni ya tiketi walimsikia. "Mtoto yangu anataka mimi. Amesema mwenyewe, jana, kwa mdomo yake. Amesema kaa."